Kiolezo kipo, mafundi hawakitumii: motisha apewe nani?

SWALI: "Mimi ni katibu wa umoja wa karakana 42 zilizo eneo moja. Tunatengeneza tranka za wanafunzi, majiko ya mkaa na ndoo za bati. Mwaka jana tulipata mafunzo ya siku tatu, tukaachiwa violezo vya kukatia shiti kwa mpangilio mpya pamoja na mashine moja ya kukunjia bati. Zamani shiti mbili zilitoa tranka tatu. Kwa kiolezo kipya shiti tatu zinatoa tano, nimehakikisha mwenyewe. Lakini hadi leo ni karakana nne tu zinazokitumia, na hizo nne hazitaki kuwaonyesha wenzao. Wengine wanasema kinachelewesha kazi. Mashine ya kukunjia imefunikwa turubai. Kamati inataka kutenga shilingi laki tano kwa kila mwenye karakana atakayekubali kubadilika. Je, ni njia sahihi? Au mafundi wetu ni wagumu tu wa kubadilika?"

JIBU: Ndugu katibu, nianze na hesabu yako, maana naona ndiyo inayokuuma. Tranka 30 kwa mkato wa zamani zinakula shiti 20. Kwa kiolezo zinakula 18. Yaani katika kila shiti kumi, moja inabaki stoo. Kwa kazi ambayo pesa nyingi inaishia dukani kwa muuza shiti, naelewa unavyoshangaa kuona watu wanapita pembeni ya kiolezo kama hawakioni. Ila hizo laki tano kwa wenye karakana, nakuomba msizitoe kwanza. Motisha inafanya kazi, sina ubishi na hilo. Shida ni kwamba mnataka kumpa mtu asiyeshika mkasi.

Hili la "wagumu wa kubadilika" tuliondoe mapema. Fundi wa chuma akiona geti lenye ua jipya kwenye nyumba ya mtu, wiki inayofuata analo la kwake, tena kaliongezea mbwembwe. Mtu wa namna hiyo hana ugumu wa kujifunza. Akikataa kitu, mara nyingi ameshapiga hesabu, na hesabu yake si ile uliyopiga wewe. Wewe umehesabu shiti. Yeye anahesabu seti alizokata mpaka jioni.

Chukulia karakana moja. Namba hizi ni za mfano, weka za kwenu. Mkataji analipwa kwa pisi, shilingi 1,000 kwa seti ya vipande vya tranka moja. Kwa mkono uliozoea anakata seti 15 kwa siku, anarudi nyumbani na 15,000. Leo unamletea kiolezo. Mpangilio wake ni wa kubana: vipande vya ubavu vimegeuzwa viingie kwenye mapengo, na mstari ukipinda kidogo kipande cha jirani kinaharibika. Kwa hiyo anakata polepole, anapima mara mbili. Wiki mbili za mwanzo anatoa seti 11. Anakosa 4,000 kila siku, na kwa siku 12 za kazi ni 48,000. Kwa wengi hiyo ni kodi ya chumba.

Na shiti iliyookolewa ni ya nani? Ya tajiri, yaani mwenye karakana. Shiti ikiwa 28,000, karakana inayotoa tranka 15 kwa siku itatumia shiti 9 badala ya 10, na mkono ukishazoea tajiri anabaki na 28,000 kila siku ya Mungu. Fundi bado ni 1,000 kwa seti, kama jana. Amebeba hasara yote ya kujifunza na faida haimfikii hata senti. Sasa tajiri anamwita, anamuuliza: "Vipi, hiki kitu kinafaa?" Ungekuwa wewe ungejibu nini? Kinachelewesha kazi, bosi. Na wala usingekuwa umedanganya.

Jambo hili lilishapimwa mahali pengine, na kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kuona kwetu. Sialkot, mji wa Punjab nchini Pakistan, ni kongano mashuhuri la mipira ya miguu. Viwanda zaidi ya 100 vimebanana eneo moja, na sehemu kubwa ya mipira inayoshonwa kwa mkono duniani inatoka hapo. Mpira wa kawaida una vipande 32: vya pembe sita 20 na vya pembe tano 12. Vya pembe sita vinapangika kwenye shiti ya ngozi bandia kama sega la nyuki, vinapoteza kidogo tu. Vya pembe tano havikubali. Utavigeuza utakavyogeuza, mapengo yatabaki. Kundi la watafiti, wawili wao wa Lahore School of Economics, likaja na kisu cha kukatia kinachovipanga kwa kupishana ili mapengo yapungue. Shiti iliyokuwa ikitoa vipande 250 hivi ikaanza kutoa kama 272. Mwaka 2012 wakakigawa bure kwa viwanda 35, wakaonyesha na namna ya kukitumia.

Baada ya mwaka na miezi, wanaokitumia walikuwa wa kuhesabika. Wenye viwanda walipoulizwa kulikoni, jibu lililojirudia lilikuwa hilohilo la kwenu: wakataji hawakitaki. Karibu viwanda vyote vilikuwa vinawalipa wakataji kwa pisi tupu. Na angalia hili: kiwanda kimoja kikubwa ambacho hakikuwa kwenye orodha ya kupewa kisu kilikitafuta chenyewe na kukitumia kwa wingi. Hicho kilikuwa kinawalipa wakataji mshahara wa mwezi.

Mwaka 2013 watafiti wakajaribu kitu kidogo. Katika baadhi ya viwanda vilivyokuwa na kisu, mkataji mmoja na mchapaji mmoja waliahidiwa pesa ya mara moja, takriban mshahara wa mwezi, iwapo baada ya mwezi wangeonyesha mbele ya mwenye kiwanda kwamba wanakimudu. Hapo ndipo mambo yakasogea. Viwanda vilivyopewa ahadi hiyo vilianza kutumia kisu kuliko vile visivyopewa, kwa tofauti ya wazi. Ni kisu kilekile, kilichokuwa kimekaa kabatini zaidi ya mwaka mzima. Mchapaji naye aliingizwa kwa sababu michoro ya mpira huchapwa kabla ya kukata, hivyo mpangilio ukibadilika na yeye anabadilisha fremu zake. Kwenu mtu wa namna hiyo ni yule wa kukunja na kupiga ribiti. Vipande vikimfikia vimegeuzwa, naye anapoteza muda. Mkimsahau, atakuwa wa kwanza kusema vipande vya kiolezo havikai.

Kwetu kuna jambo lingine la kuongeza juu ya pisi, nami nililijua kwa kukosea. Miaka kadhaa nyuma nilishauri umoja wa mafundi kama wenu. Tukagawa violezo, tukapiga picha ya pamoja, tukaondoka. Niliporudi baada ya miezi sita, violezo vilikuwa vimetundikwa ukutani vimeshika vumbi. Nikaomba kukaa na mkataji mmoja tangu asubuhi. Alikuwa anakata, na kila kipande cha pembeni kilichobaki alikisukuma kwa mguu chini ya meza, bila hata kukiangalia, kikaingia kwenye mfuko mtupu wa saruji. Saa nne akaja kijana mwenye mizani ya kuning'iniza, akapima mfuko, akatoa hela. Hela ile ikanunua chai na chapati za watu wanne, iliyobaki wakagawana. Tajiri alikuwa amesimama palepale, na alinyamaza, maana skrepa ile ni sehemu ya malipo ingawa haijaandikwa popote. Kiolezo changu kilikuwa kimekuja kunyang'anya watu chai, na kwenye mafunzo yote hakuna aliyenieleza, wala mimi sikuuliza.

Kwa hiyo turudi kwenye pesa zenu. Laki tano mara 42 ni milioni 21. Kwa kiasi kidogo sana kuliko hicho mnaweza kujua kama dawa inafanya kazi. Chagueni karakana nane zinazokata tranka kila siku. Mwahidini mkataji mmoja wa kila karakana 150,000, ambayo kwa mfano wetu ni kipato cha siku kumi. Mkunjaji mpeni 100,000. Jumla ni milioni 2. Sialkot walitoa karibu mwezi mzima, lakini cha msingi ni kwamba zawadi ifunike hasara ya kujifunza pamoja na ile chai, halafu ibaki kitu cha kumfanya mtu atabasamu. Ahadi iandikwe, na mtihani ujulikane mapema: shiti sita, atoe seti kumi, zisiwe na kipande kilichoharibika, ndani ya muda mliokubaliana, mbele ya tajiri wake na mtu mmoja wa kamati. Mbele ya tajiri ni sharti lisilopungua. Tajiri wengi hawajawahi kukiona kiolezo kikifanya kazi kwa mkono wa fundi wao. Wamesikia tu kutoka kwa fundi, na fundi tumeshaona kwa nini anasema anayosema. Katika ile 150,000, laki moja ilipwe siku ya mtihani na 50,000 baada ya miezi miwili, mkishalinganisha shiti zilizonunuliwa na tranka zilizotoka. Mtu anaweza kufaulu mtihani Jumamosi na kurudia mkato wake wa zamani Jumatatu.

Zawadi ya mara moja inamvusha tu mtu kwenye wiki mbili ngumu. Haibadilishi pisi. Na hapa kuna hesabu ambayo ningependa uwaonyeshe matajiri kwa kalamu na karatasi. Kwa mfano wetu kila tranka inaokoa shiti ya kama 1,860. Tajiri akiongeza pisi kutoka 1,000 hadi 1,300 kwa seti zinazokatwa kwa kiolezo, fundi anayekata 11 kwa siku anapata 14,300. Amekosa 700 tu. Mkono ukizoea, akafika 15, anapata 19,500. Na tajiri bado ana zaidi ya 1,500 kwa kila tranka. Wote wamekula.

Mbona basi matajiri hawafanyi hivyo wenyewe? Nimewauliza wengi. Wanaogopa pisi ikipanda haishuki tena, hata shiti ikipanda bei. Wanaogopa mkataji wa majiko naye ataidai. Na wengine hawaamini kwamba kiolezo kinaokoa kweli, kwa hiyo hawako tayari kuanza kulipa kwa ahadi. Hofu mbili za kwanza zina msingi, sitazipuuza. Ndiyo maana naona ni bora umoja ubebe zawadi ya mara moja, tajiri aone kwa macho, kisha nyongeza ya pisi aiamue mwenyewe. Mshahara wa mwezi unamwondolea fundi hofu kabisa, lakini kwa tranka siushauri. Biashara yenu inachemka wanafunzi wanapokaribia kwenda bweni, halafu inalala. Tajiri atalipa watu wakicheza bao, na wakati wa msimu atalalamika hawakimbii.

Tena si lazima wote 42 wahamie. Karakana inayotoa tranka kumi kwa mwezi, kazi yake kubwa ikiwa ndoo, inaokoa kama 18,600 kwa mwezi. Kwa kiasi hicho kumsumbua fundi wiki mbili si busara, na mwenye karakana akikataa yuko sahihi. Msimwandike kwenye orodha ya walioshindwa.

Sasa hao wanne wanaoficha. Unawalaumu, na mimi nitawatetea kidogo. Wanauza kwa wateja walewale mnaowauzia ninyi. Wakifundisha wote, bei ya tranka itashuka na faida ya kiolezo itaishia kwa mzazi wa mwanafunzi. Ni vizuri kwa mzazi, lakini nani atajitolea kwa ajili hiyo? Huko Nanchang, China, watafiti waliwakutanisha wenye kampuni ndogo katika vikundi, kila mwezi kwa mwaka mzima. Mauzo ya waliokutana yalipanda kwa takriban asilimia 8 kuliko wasiokutana, kwa hiyo mikutano ina faida. Lakini watafiti walipompa mwanakikundi habari ambayo mwenzake angeweza kuitumia kumzidi, habari ile ilisambaa kidogo katika vikundi vyenye washindani wengi. Watu wanagawana kinachowafaa wote, kinachowapa makali wanakikalia.

Kuna kongano lililogeuza jambo hili, nalo ni la zamani. Cornwall, Uingereza, migodi ya shaba na bati ilitegemea injini za mvuke kutoa maji chini ya ardhi, na makaa yalikuwa ghali kwa sababu yaliletwa kwa meli. Kuanzia 1811 ikawa inachapishwa ripoti ya kila mwezi: injini ya mgodi fulani imeinua maji kiasi gani kwa makaa kiasi gani, na mhandisi wake ni nani. Mhandisi aliyeng'ara kwenye ripoti aliitwa na migodi mingine, kwa hiyo kuficha kungemnyima kazi. Wenye hisa nao walikuwa na hisa katika migodi zaidi ya mmoja, hivyo ujuzi ukivuka ukuta uliwafuata mfukoni. Ndani ya miongo michache injini zile zilifanya kazi maradufu na zaidi kwa makaa yaleyale, bila mtu kushurutishwa kufundisha.

Kwenu ningefanya mambo mawili ya namna hiyo. Mafundi wa zile karakana nne, si matajiri, walipwe kama walimu: kiasi fulani kwa kila mkataji wa karakana nyingine atakayefaulu ule mtihani wa shiti sita. Walipwe kwa anayefaulu, si kwa siku za kufundisha, la sivyo mtapata siku nyingi na wahitimu wachache. Na majina yao yawekwe kwenye ubao wa ofisi ya umoja, pembeni ya idadi ya shiti kwa tranka. Pili, tafuteni oda ambayo karakana moja haiwezi: muuzaji wa jumla anayetaka tranka 600 kabla ya Januari, kwa mfano. Siku hiyo wale wanne watawahitaji wenzao wakate vizuri, na utashangaa siri itakavyotoka. Tahadhari moja: kugawana oda na ujuzi ni halali, lakini kukubaliana kwenye kikao kwamba hakuna atakayeuza chini ya bei fulani kunagusa Sheria ya Ushindani ya 2003 ya Tanzania. Msiiandike kwenye muhtasari mkidhani ni mshikamano.

Kwa upande wa majiko mna somo nyumbani kwa jirani. Jiko la kauri la Kenya, lililoanza mapema miaka ya 1980 kwa kuazima wazo la jiko la ndoo la Thailand, lilisambaa kwa sababu mafundi wa bati Nairobi waliachwa wanakiliane. Bei ikashuka, likafika kila mahali. Likaja na kasoro yake pia: wapo waliopunja udongo wa ndani, ukapasuka mapema, na mteja hajui kutofautisha. Kinachosambaa bila kipimo huharibika njiani, na ndiyo sababu nyingine ya kung'ang'ania ule mtihani.

Mashine iliyofunikwa turubai ni rahisi zaidi. Nadhani kila mtu anangoja aambiwe ni ya nani. Utafiti wa karakana ndogo za Uganda uliochapishwa 2022 ulionyesha maseremala wengi hawamiliki mashine kubwa, ila wanazitumia kwa kukodi kwa jirani, na hivyo eneo zima linafanya kazi kama kiwanda kimoja. Wekeni bei ya kukodi kwa saa, mtu mmoja wa kuisimamia alipwe sehemu ya makusanyo, na ufunguo usikae kwa mwenyekiti. Msimu wa tranka kutakuwa na foleni na ugomvi, hilo mlitarajie. Utaratibu wa zamu uandikwe kabla, si siku ya ugomvi.

Kuna mambo siwezi kuyaona nikiwa mbali. Kama kiolezo chenyewe kina hitilafu, kwa mfano kilichorwa kwa shiti ya ukubwa mwingine au unene mwingine, basi mafundi wana haki na maneno yangu mengi hapo juu hayana kazi. Mwombeni mtaalamu wa ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, aje apime, asimame mezani siku nzima badala ya kuja kutoa semina. Kama mashine ya kukunjia haina kinga ya mikono, msiikodishe mpaka ikaguliwe. Na mkitaka kuandika mikataba ya oda ya pamoja, tafuteni mwanasheria mapema, kabla malipo ya kwanza hayajaingia.

Lakini kabla ya yote hayo, kabla hata ya kikao kijacho cha kamati, kaa na wakataji watatu mahali ambapo matajiri wao hawapo. Usianze na kiolezo. Waulize mfuko wa skrepa unajaa kwa siku ngapi, na unauzwa shilingi ngapi. Namba watakayokupa iandike juu kabisa ya ukurasa wa bajeti.